Bastola ya Mjerumani Kwenye Sinia

Kwangu Chumbageni kulikuwa na kabati la vioo ambalo mke wangu aliliita jaa. Ndani mlikuwa na vitu vya vita vya Mjerumani: vifungo vya sare, maganda ya risasi, singe mbili, na bizimu ya mkanda yenye taji, niliyoipenda kupita kiasi. Nilivikusanya miaka ishirini, kwa wakulima na wachimba misingi. Kitu kimoja tu kilinishinda: bastola. Jamani, bastola ya afisa wa Kijerumani ni habari nyingine! Wenye maradhi kama yangu huko ng'ambo huinunua kwa bei ya pikipiki mpya, mradi iwe kama ilivyotoka vitani, na namba zake, weusi wake, hata kutu yake.

Siku moja shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, akanipigia simu kutoka Mwera. Alikuwa anashusha makuti yaliyooza, na juu ya boriti kakuta furushi la ngozi. Ndani mna bastola ya babu yake, aliyekuwa askari wa Mjerumani.

"Mwanangu, haya si ndiyo matakataka unayoyapenda wewe?"

Niliondoka na kandambili mguuni.

Ilikuwa yenyewe. Nyeusi, namba ileile imegongwa kila kipande, taji dogo ubavuni. Tulianza kituo cha polisi, maana bastola hata ikiwa imekufa si kitu cha kuficha uvunguni. Wakaikagua, wakakuta haina utumbo wa kufyatulia, wakatuandikia barua ya ruhusa.

Niliitaka iwe yangu, sitaficha. Lakini nyumba ya shangazi ilivuja kila chumba. Alikuwa analala na beseni miguuni, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Nikampigia mzee mmoja wa Kijerumani, mkusanyaji mwenye vibali vyake vyote, aliyefikia Ushongo. Akaona picha, akataja bei. Ingeezeka nyumba nzima kwa mabati. Shangazi aliposikia alilia. "Nitalala pakavu kabla sijafa," akasema, nami nikamwapia kwamba ataezeka kabla ya mvua.

"Jumamosi nakuja na mgeni," nikamwambia, nikaondoka zangu.

Haya sasa. Mtu wa kwetu ukimwambia mgeni anakuja, umemwambia nini? Uwanja unafagiliwa, vikombe vya kabatini vinatolewa, mkeka mpya unatandikwa. Najua hayo tangu nina meno ya utoto. Kuhusu ile bastola sikumwachia agizo hata moja. Mjinga mimi!

Jumamosi tukakaribishwa chai ya mdalasini na sambusa. Kisha shangazi akaja na sinia lililofunikwa kitambaa cha kufuma. Akafunua. Bastola ilimeta kama sufuria mpya ya harusi.

"Siku tatu," akasema, akituonyesha viganja vyenye malengelenge. "Majivu na ndimu vikatoa kutu. Ule weusi ukanikatalia, nikaazima msasa kwa fundi seremala. Na vile vijiandishi vilivyoichafua, vyote nimevitoa."

Taji hakuna. Namba hakuna. Mgeni akavaa miwani, akaivua, akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Pole. Sasa chuma tu."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu nyumbani anajua. Nilifungua mdomo nimwambie shangazi alichofanya. Nikaviona tena vile viganja.

"Vipi, kaipenda?" akauliza.

"Kaipenda mno."

Yule mzee, Mungu ambariki, akaitikia kwa kichwa, akachukua sambusa ya nne.

Chuma chetu tulikiacha polisi. Kisha nikampeleka mgeni Chumbageni, nikamfungulia kabati. Alichukua vifungo, maganda, singe. Bizimu nilimwambia siuzi. Lakini bila bizimu chumba kimoja kingebaki na makuti, na chumba chenyewe ndicho anacholala shangazi. Nikampa. Nilijifungia chooni nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Mke wangu safari hii hakunitania. Alifuta vioo, akapanga vikombe kabatini.

Mabati yalipanda kabla ya masika. Mvua kubwa ya kwanza ilipokatika nikaenda Mwera kuangalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Ingia, ingia, pakavu!"

Kweli palikuwa pakavu, hata pembeni. Majirani watatu walikuwa wameketi mkekani, kila mmoja kapakata chuma chake cha Mjerumani: kisu, kengele, na chupa ya bati ya maji ya askari. Vyote vinameta. Ile chupa ilikuwa imesuguliwa mpaka imetoboka. Roho iliniuma, maana chupa kama ile nimeitafuta miaka.

"Nimewafundisha mimi," shangazi akasema, kifua mbele. "Lakini hawataki kuamini kwamba kusugua ndiko kulikoniezekea nyumba. Hebu waambie wewe mwenye elimu ya mambo haya."

Wote wanne wakanitazama.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Uliisugua vizuri."

"Mnaona?" akawaambia, akamsogezea jirani msasa.