Gari Lililosimama Nyuma ya Goli Langu

Kipa huona mambo ambayo wengine hawana nafasi ya kuyaona. Straika anaangalia wavu, refa anaangalia miguu, mashabiki wako na mpira na matusi yao. Mimi, mtu mzima mwenye mgongo wa mzee wa kanisa, nilikuwa nasimama nusu ya mechi bila kuguswa na mpira, macho yakitembea mpaka kwenye geti. Msimu ule, yaliyopita kwenye lile geti yaliniharibia usingizi.

Tulikuwa tunacheza ligi ya pili ya taifa, hapa Kisumu. Ligi ile ina sheria moja isiyo na mchezo: bila ambulensi uwanjani mpira hauanzi, na timu ya nyumbani inapoteza pointi. Sheria nzuri kabisa. Taabu ni kwamba mechi zetu za nyumbani zilichezwa Ijumaa, maana Jumamosi uwanja ulikodishwa kwa harusi na mikutano ya injili. Na Ijumaa, huku kwetu, ndiyo siku maiti hutoka mochari kwenda nyumbani ili wazikwe Jumamosi. Tafuta gari refu lenye mlango wa nyuma siku hiyo uone kama utalipata. Timu yetu ilikuwa na moja tu, la mtu binafsi, na mwenyewe aliwatumikia wote, wazima na wafu.

Mpango ulikuwa hivi. Gari linafika mapema, jeupe, limeoshwa, na kimulimuli juu. Kamishna wa mechi analitazama, anaitikia kwa kichwa, refa anapuliza filimbi. Muda si muda dereva anatoka polepole, anaenda mochari. Kabla mpira haujaisha anarudi na kuegesha nyuma ya goli ili kamishna amwone tena, halafu anashika njia ya Bondo au Asembo. Anaporudi, machela imeachwa huko na ndani kuna jeneza. Mashabiki walilibandika jina la Bibi Harusi, kwa sababu linaonyeshwa watu kisha linatoweka. Tulicheka sana.

Mimi kicheko kiliniisha siku niliyogeuka kuokota mpira nyuma ya goli nikaona, kwenye kioo cha nyuma cha gari, msalaba wa mbao uliofungwa riboni ya zambarau. Yawa! Nilipiga ule mpira ukaenda kwa mashabiki. Baada ya mechi nikamfuata katibu wa timu.

"Katibu, siku mtu akianguka tutambeba na nini?"

"Kwani nani ameanguka?"

"Nakuuliza siku akianguka."

"Acha kututabiria mabaya, bwana. Wewe daka mipira."

Nilimtolea maneno ambayo mama yangu hangependa kuyasikia. Ijumaa iliyofuata gari likatoka vilevile, na iliyofuata vilevile. Tulikuwa tunashinda, na timu inayoshinda haiulizwi kitu.

Sasa, kulikuwa na beki wetu wa kati. Alikuwa jirani yangu Kondele, fundi wa pikipiki, na mimi ndiye niliyesimama naye kanisani alipooa. Kwenye mechi moja ya ugenini aligongana kichwa na straika wao, mlio wa vichwa nikausikia kutoka golini. Akaamka anacheka. Lakini tangu siku hiyo nikawa namwona. Nikimwita kulia, anageukia kushoto. Jua likimpiga usoni, anafunika macho kwa mkono. Mkewe akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba anatapika asubuhi na kusema ni samaki wa jana.

"Omera, ndugu yangu, pumzika," nikamwambia.

"Tumebakisha mechi mbili tupande ligi kuu. Nipumzike, halafu mwaka ujao niwaangalie kwa kibanda cha video?"

"Afadhali uangalie, bora uwe na macho."

"Wewe umezeeka, ndiyo maana unaona mizimu kila mahali."

Nikaenda kwa kocha. Kocha akamwita, akamuuliza. Jamaa akaruka juu mara mbili, akapiga mpira kwa kichwa pale pale, akasema yuko fiti. Basi, kesi ikafungwa. Kuna msemo kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na nilijichukia kwa kuukumbuka.

Mechi ya mwisho ya nyumbani uwanja ulifurika. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya ziwa tangu saa sita, na upepo ulileta harufu ya matope. Kipindi cha pili gari lilirudi mapema kuliko kawaida, likasimama nyuma yangu. Wageni wakapata kona. Beki wangu akaruka, akautoa mpira kwa kichwa, safi, hakuguswa na mtu yeyote. Akatua kwa miguu. Akanijia hatua chache kana kwamba ana neno, na nikaona mdomo wake umeenda upande. Akaanguka.

Nilimgeuza ubavu. Damu ilikuwa inatoka puani, na matapishi. Mchua misuli wetu akaja mbio na chupa ya maji. Maji, kwa mtu wa namna ile! Nikauliza machela iko wapi ingawa nilijua iko mochari. Tukambeba kwa mikono, mimi nimeshika kichwa, mpaka kwenye gari. Dereva akafungua mlango wa nyuma bila kututazama usoni.

Jeneza lilijaza gari. Kando yake alikaa mjane, kitambaa cheusi kichwani. Kutoka gari dogo lililolifuata wakashuka shemeji zake, na mkubwa wao akasimama kati yetu na mlango.

"Maiti akishaanza safari ya nyumbani hashushwi njiani," akasema. "Mkimshusha hapa, atabaki hapa."

Hakuwa mtu mbaya.

"Jaduong', mzee wangu, nakusihi. Huyu bado anapumua."

"Mtafutieni pikipiki."

Pikipiki! Mtu ambaye shingo yake naishikilia mimi! Wallahi, kama mikono yangu ingekuwa mitupu ningempiga yule mzee, na leo nisingejuta.

Ndipo mjane akashuka.

"Mshusheni," akasema.

"Mama, nyamaza. Hili si jambo la wanawake."

"Mume wangu alikufa sebuleni akingoja gari. Nilipiga simu mpaka chaji ikaisha, na gari halikuja. Leo nikalie gari, mtu mwingine afe hivyo hivyo mbele ya macho yangu? Mshusheni. Yeye atanielewa."

Hakuna aliyesogea. Akashika mpini wa jeneza mwenyewe, akavuta. Hapo wachezaji wakaruka, wetu na wa wageni, wakalitoa, wakaliweka juu ya mabenchi ya akiba. Rafiki yangu akaingizwa, mchua misuli akapanda naye, gari likaondoka likipiga king'ora.

Kamishna akatujia. Akatangaza kwamba kwa kuwa hakuna ambulensi uwanjani, mechi haiwezi kuendelea. Nilimtazama mpaka akaangalia viatu vyake. Pointi zikaenda, na hatukupanda daraja. Sikujali hata kidogo.

Mvua ikaanza. Tulikaa kulizunguka jeneza na jezi zetu za matope, hatujui tusali sala ya kanisa gani, mpaka beki mmoja wa wageni akaanzisha wimbo. Shemeji mkubwa alisimama mbali, ametugeuzia mgongo, akipima mwanga uliobaki wa kumfikisha marehemu nyumbani. Simu ya kocha ikalia, ni mchua misuli. Amefika hospitali, anapumua, wanampeleka kupasuliwa kichwa. Nilimwambia mjane, naye akafumba macho tu.

Rafiki yangu yu hai mpaka leo. Mkono wa kushoto ni mzito na mpira hataki kuusikia hata redioni, lakini pikipiki anazitengeneza. Siku ile, hata hivyo, hatukuwa tunajua kama angeona kesho.

Gari lilirudi giza likiingia. Dereva akafungua mlango. Sakafu nzima ilikuwa damu. Niliona aibu kubwa, nikavua jezi yangu, nikapiga magoti nifute kabla marehemu hajarudishwa ndani. Mjane akanishika mkono.

"Iache," akasema. "Mimi nimetoka kumwosha maiti. Hiyo ni ya mtu aliye hai."

Akapanda, akaketi pale pale penye damu, akatuashiria tumlete mume wake.