Nyongeza ya Mpiga Mbizi

Mimi na nyongeza hatuachani. Nikinunua fungu la nyanya nataka moja juu. Nikinunua kitambaa, muuzaji atanisogezea vidole vinne asivyovipima. Miaka yote niliyokaa na cherehani yangu Kariakoo sijatoka kwa mtu bila nyongeza. Mume wangu alikuwa akinicheka, anasema siku moja utaomba nyongeza msibani.

Yeye ni mpiga mbizi. Anashuka chini ya boti zilizotia nanga, anakwangua uchafu na makome yaliyoganda. Mtu akivaa nguo nene ya mpira haendi chini kirahisi, anaelea, kwa hiyo hujifunga vipande vya risasi, yale madini mazito. Na si kujifunga ovyo. Ukivirundika vyote kiunoni miguu inazama, unasimama wima majini, unahangaika kupiga miguu na hewa ya mtungi inaisha upesi. Alinichorea kwenye karatasi yangu ya kukatia nguo: viwili mabegani, viwili kwenye ukanda wa mtungi, vinne kwenye mkanda wa kiunoni, kulia sawa na kushoto.

"Nataka nilale majini kama niko kitandani," alisema. "Kila kimoja kilo moja. Usinibadilishie."

Nikamshonea mifuko yake. Vipande nikavifuata mwenyewe Gerezani, kwa mzee mmoja wa Kusini anayeyeyusha betri chakavu. Nilimwamkia, tukapatana bei ya kipande, nikaagiza kumi, viwili viwe vya akiba. Nikamwona anamimina kwenye kalibu na kuishia kwenye alama.

"Baba, niongezee basi."

"Vitu vya mizani mimi siongezi, mwanangu."

"Mimi ndiye mteja wako wa kwanza leo. Utanitoa hivihivi?"

Alinitazama kidogo, kisha akaongeza, hapa tone, pale upawa mzima, kwa macho tu. Nilirudi nimefurahi kama niliyeokota. Sikumwambia mume wangu, maana nilijua angeanza kunicheka.

Asubuhi ya kazi alibeba begi lake akasita mlangoni. "Mbona leo zito?"

"Umezeeka," nikamjibu. Akacheka, akaenda.

Saa tano hivi, kazi imepungua, nikavitoa vile viwili vya akiba kwenye droo ya cherehani na kuviweka kwenye mizani ya jirani yangu, muuza dagaa. Nilitaka kujisifu tu. Cha kwanza kilisoma kilo moja na robo. Cha pili, kilo moja na nusu. Jirani akasema nimepata. Mimi nikaanza kuhesabu. Vipande vinane mwilini mwa mume wangu, vyote vimezidi, na hakuna kinacholingana na mwenzake. Wapi vimeelemea, sikujua, na yeye hakujua kabisa.

Nikampigia nahodha wa boti yao.

"Ameshuka zamani, shemeji. Mapovu nayaona."

"Mvute juu."

"Nimvute na nini? Hana kamba." Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya kwanza. "Ngoja. Yamekuwa mengi."

Simu ikakatika. Nikipiga, haipatikani.

Niliacha nguo za watu mezani, nikakata Mnazi Mmoja kwa miguu kuelekea baharini. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakula mihogo, wanacheka. Nilikuwa naongea peke yangu, ee Mungu, yule mzee alinikataza, na watu wananipisha wakidhani nimechanganyikiwa. Niliogopa siku ile kuliko siku zote nilizowahi kuogopa.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za ufukweni, damu imeganda puani, anatetemeka kwenye jua la saa sita. Nahodha alikuwa amemfunika kanga sijui ya nani. Mume wangu alinieleza kwa taabu. Miguu ilizama, mwili ukalalia kushoto, akapiga miguu mpaka hewa ikabaki ya kuvuta mara chache. Akaupapasa mnyororo wa nanga kwenye maji machafu, akapanda nao mkono kwa mkono. Pembeni yake ulikuwepo mkanda, na vipande vyote vinne ndani yake.

Hofu ikanigeuka hasira. "Wewe una akili? Mkanda una kifungo cha kuvuta mara moja, si ulinionyesha mwenyewe? Kwa nini hukuufungua ukauacha uzame?"

Aliusogeza ule mkanda karibu yangu.

"Nilishakishika kile kifungo," akasema. "Nikawaza, nikirudi bila vipande vyako, utanisema mpaka Ijumaa."

Na ni kweli. Ningemsema.