Msumeno Uliolaza Mtaa

Baada ya vita nyumba yangu ya Walukuba haikuwa na paa, mvua ilikuwa inakaribia, na gogo langu la mvule lilikuwa limeushinda msumeno wa injini wa fundi. Nikamkuta uani kwake, kando ya gogo, amefungua silinda, anapanua tundu la kutolea moshi kwa tupa.

"Jaja," akasema, akiniita kama wazee wanavyoitwa kwetu, "injini ilikuwa haipumui. Sasa itakula mti kama muwa."

"Maneno hayapasui mbao. Washa."

Akafunga silinda, akavuta kamba. Msumeno ukalia kama bunduki, na mtaa mzima ukalala chini: muuza ndizi, sajenti aliyekuwa akipita, hata fundi mwenyewe, tupa kifuani. Nikabaki nimesimama peke yangu.

"Jaja, lala!" sajenti akapiga kelele.

"Nikilala, afande, paa utaniezekea wewe? Simama ushike gogo."

Akasimama, akajipangusa magoti, akashika. Mvule ukapasuka kama fundi alivyojisifu.

Wakubwa walikuwa wameshatangaza amani redioni. Mimi niliiamini siku ile, nilipomwona mwanajeshi amejaa unga wa mbao hadi kwenye nyusi, akiniuliza kwa adabu ubao unaofuata nautaka unene gani.