Nilivyokuwa Kinywa cha Wagombea

Siku yangu ya kwanza kazini niliwatangazia Waswahili wenzangu wa Hounslow, London, kwamba wageni wamezidi Uingereza na milango ifungwe. Nilisema hivyo nimesimama wima mbele ya ukumbi, nimevaa buibui jipya, kwa sauti ambayo marehemu mama angeisikia Unguja. Maneno hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mgombea ubunge aliyesimama ubavuni mwangu, bwana mwekundu wa uso na mpole wa tabia, aliyekuwa akizungumza Kiingereza. Mimi nilikuwa mkalimani wake.

Ukumbi ulijaa watu wa uwanja wa ndege wa jirani: wapakia mizigo, wasafishaji, wauza manukato. Hakukuwa na hata mmoja ambaye babu yake alizaliwa nchi hii. Akasimama Mzee Hamadi, Mpemba aliyekuwa akipakia mizigo ndegeni, mtu aliyenijua tangu nilipofika.

"Wewe Zuhura," akasema, "juzi tu n'mekubebea friji mpaka ghorofa ya tatu. Leo mimi n'mezidi?"

"Si mimi, Mzee, ni yeye."

"Umesema 'mimi naona'. N'mekusikia kwa masikio yangu haya mawili."

Watu wakaangua kicheko. Mgombea naye akacheka, akidhani nimefikisha vizuri mzaha wake, kumbe hakuwa ametoa mzaha wowote. Tangu siku ile Mzee Hamadi akaacha kuniita Zuhura. Akaniita Mgombea, na jina likaniganda.

Nyinyi wakalimani wapya mnaoingia kazi hii leo mnayajua haya, lakini wengine wanaosoma huenda hawayajui. Mfasiri hushughulika na maandishi, mkalimani hushughulika na maneno ya mdomo. Na mkalimani hasemi "yeye anasema". Mtu akisema "mimi nina njaa", nawe unasema "mimi nina njaa", hata kama umetoka kula biriani. Nilikwenda kulalamika kwa Mratibu wetu, aliyekuwa akitugawia kazi. Alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini akili yake ilikuwa ya ofisini.

"Zuhura," akaniambia, "wewe hapana ongeza, hapana punguza. Yeye nasema 'mimi', wewe nasema 'mimi'. Wewe kisema 'yeye', sasa wewe naanza kuwa hakimu. Nani naita wewe hakimu?"

Hakuna aliyeniita hakimu, kwa hiyo nikashika adabu yangu. Kwa miaka mingi nikawa kinywa cha kila mwenye kutaka kura. Asubuhi nilikuwa mtu anayetaka gesi ichimbwe baharini bila kuchelewa, na alasiri nikawa yule anayetaka baharini kusimamishwe mitambo ya upepo tu. Nimewahi kupunguza bajeti ya maktaba na kuirudisha kabla ya swala ya magharibi. Nilijifunza kueleza kwamba nakisi ni pale serikali inapotumia kuliko inavyoingiza, na kwamba kikomo cha bei ya umeme ni kikomo cha kila yuniti, si cha bili nzima. Hilo la pili liliwauma sana wazee waliokuwa wameacha hita ziwake kutwa wakidhani bili ina dari.

Nilijifunza pia njia mbili kuu za kazi. Ya kwanza ni ukalimani wa kufuatia: mtu husema kidogo, hunyamaza, nawe unasema. Ya pili ni wa kunong'ona: unakaa nyuma ya sikio la mtu mmoja au wawili na kuwamiminia maneno huku msemaji akiendelea. Wa kunong'ona unataka pumzi ndefu na kinywa kisichonuka vitunguu.

Kutoka Hounslow nilipelekwa upande wa Edgware Road. Huko nilikuwa chini ya Mkuu wa Kitengo, bwana mmoja mkavu aliyeamini kwamba mkahawa ni mahali pazuri pa kupatia kura kuliko ukumbi. Siku moja akanituma na mgombea kijana kwenye mkahawa wa Kiarabu. Tukakuta meza ya mabwana waliovaa vizuri wanaongea Kiswahili safi cha mjini. Mgombea akakaa nao, akawaeleza mipango yake yote ya reli, ya kodi ya nyumba, ya kuziba kuta ili joto lisipotee. Wakamsikiliza kwa utulivu mkubwa. Wakamlipia chai, wakamwongezea kunafa, ule mkate mtamu wa Kiarabu. Nilishaanza kushuku, kwa sababu hakuna mkazi wa London anayesikiliza habari za kodi ya nyumba akitabasamu. Mwisho mkubwa wao akasema, nami nikamfikishia mgombea neno kwa neno: "Maneno yako matamu, mwanangu, na laiti tungekuwa tunapiga kura hapa. Sisi ni watu wa Maskati, tumekuja matembezini, kesho tunarudi." Kijana yule aliinamisha kichwa mezani akacheka mpaka machozi. Alishindwa uchaguzi ule, lakini nilimpenda.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Woolwich, na huko ndiko kulikotokea jambo ninalotaka kulisema hasa. Mzee Hamadi alikuwa amehamia kwa binti yake kule, kwa hiyo jina langu la Mgombea lilinitangulia. Huko pia nilijuana na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mhudumu wa wazee. Kila alfajiri alipanda basi kwenda kumwamsha bibi mmoja wa Kiingereza, kumwosha, kumvisha na kumpa uji, halafu akaenda kwa mwingine. Sasa zikaja habari kwamba kuna pendekezo la kuliondoa basi lile la alfajiri. Basi lililofuata lingemchelewesha kwa bibi wa kwanza, na mhudumu anayechelewa hubadilishwa.

Bahati nzuri ulikuwa msimu wa uchaguzi wa Baraza la London, ambalo kazi yake ni kumhoji meya na kuipitia bajeti yake, mabasi yakiwemo. Wagombea watatu wakaalikwa ukumbini. Mama Furaha akaja na swali lake amelifanyia mazoezi wiki nzima.

Lakini kwanza tukawalisha. Wanawake wa Kizanzibari walipika pilau na sambusa, Wakongo wakaleta sombe, yale majani ya muhogo, na samaki. Wagombea wakala, wakasifu, wakaongezwa. Halafu wakasema. Methali yetu inampa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Wagombea hawakai hata jioni moja, kwa hiyo jembe huwa halifiki. Mzee Hamadi, aliyekuja na hasira za bili ya umeme, alisimama akawashukuru kwa kututembelea. Mama Furaha akasimama, akawatazama na sahani zao mapajani, akasema, "Mungu awabariki, mumefanya vizuri kufika," akakaa.

Nikayafikisha hayo kwa Kiingereza. Mgombea mmoja, mama mwenye miwani, akajibu, nami nikalazimika kumjibia: "Mimi nafurahi kusikia kwamba hapa usafiri hauna matatizo." Maneno yale yalikuwa machungu kinywani kuliko shubiri.

Nilimfuata Mama Furaha jikoni. "Swali lako limekwenda wapi?"

"Aa, mama," akasema, mikono yake ndani ya sufuria, "batu bamekula sombe yangu, nitabauliza maneno ya hasira namna gani? Kwetu haifanyike."

"Na basi likiondoka?"

Akasugua sufuria kwanza. "Bus ikitoka, kazi imekwisha. Na watoto nitabaambia nini?"

Hata kwetu haifanyiki. Mimi nina hasira za karibu, na usiku ule zilinikosesha usingizi. Kesho yake nikampigia Mratibu.

"Naomba ruhusa ya kuongeza neno moja tu mkutano ujao."

"Hapana. Hata moja."

"Basi naweza kupunguza pilau?"

Nikasikia anacheka. "Kanuni hapana sema kitu juu ya pilau."

Muda wangu wa kustaafu ukafika kabla ya mkutano wa pili. Ofisini walinipa keki na kadi, na nafasi yangu akaichukua dada wa Kikenya, mwepesi wa ulimi na mkali wa kazi. Mkutano ulipokuja nilikwenda kama mkazi wa kawaida, lakini nilianzia jikoni. Niliwaambia wanawake kwamba leo kifuniko hakifunuliwi mpaka maswali yaishe.

"Aibu gani hiyo!" akasema mkuu wa mapishi. "Mgeni akae na njaa?"

"Ana njaa ya kura. Aanze na hiyo."

Walininung'unikia, lakini walifunika. Harufu ya pilau ikaingia ukumbini, wagombea wale wale watatu wakawa wanatazama mlango. Sijapata kusikia majibu mafupi kama yale. Mzee Hamadi akauliza juu ya umeme, na mmoja akakiri kwamba bei ya gesi haiko mikononi mwake, ila anaweza kupigania kuta na madirisha ya majengo yetu. Mwingine, aliyezoea kulaumu uhamiaji kwa kila kitu, alipoulizwa na Mzee swali la pili akasema waziwazi kwamba uhamiaji si kazi ya Baraza lile. Sikuwahi kusikia mgombea akikiri hivyo akiwa ameshiba.

Ikafika zamu ya Mama Furaha. Akasimama. "Mungu awabariki," akaanza, na nikaona anaanza kukaa kama mara ya kwanza. Adabu haikuwa kwenye sahani peke yake. Ilikuwa ndani yake, kama ilivyo ndani yangu.

Nikajikuta nimesimama. "Mimi," nikasema, kisha nikakwama. Neno nililolitumia kila siku ya kazi, leo nililiona geni.

Mzee Hamadi akapaza sauti kutoka nyuma. "Mimi nani, Mgombea? Leo umetumwa na nani?"

Ukumbi ukacheka. Nikacheka nami.

"Sikutumwa na mtu, Mzee. Ni mimi Zuhura. Huyu mwenzangu anawavisha wazee wa mji huu na kuwapa uji wakati sisi tumelala. Wanataka kumwondolea basi lake. Kila mmoja wenu atuambie, akichaguliwa atalitetea au hatalitetea? Na pilau inapoa."

Dada wa Kikenya akayafikisha yote, hata pilau, bila kuongeza wala kupunguza. Mama Furaha hakukaa tena. Akavuta pumzi, akawasimulia mwenyewe: kituo gani, bibi gani anamngoja, nini kinampata bibi yule akichelewa kuoshwa. Wote watatu walisema watalitetea. Mama mwenye miwani akaomba wapande basi lile pamoja, na kweli alikuja, alfajiri, na koti juu ya nguo za kulalia. Akachaguliwa, akalisemea. Basi lipo mpaka leo, na Mama Furaha bado hulipanda.

Watu huniuliza kama sijutii kuwa kinywa cha wengine miaka yote ile. Sijutii hata chembe. Nimesema maneno ya watu niliowapinga, na nimeyasema vizuri, ili wenzangu wajue wazi wanayempigia kura ni nani. Iwapo mashine za kwenye simu zitaichukua kazi hii, na zije, ila nina shaka kama zitajua lini pilau ifunikwe.

Jioni ile, vifuniko vilipofunuliwa, wagombea walikula kama watu wanaofungua saumu. Mimi nilikaa pembeni. Mzee Hamadi akaja pole pole na fimbo yake, mkono wa pili ameshika sahani iliyojaa, akaniwekea mapajani.

"Kula, Zuhura," akasema.

Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna Zuhura mwingine.