Mzee Sadoki na Tarehe 24 Oktoba

Hapa Tunduma hakuna anayeshona turubai la lori kumzidi mzee Sadoki Simbeye, kama ambavyo hakuna kinyozi anayenizidi mimi. Shule niliacha darasa la tano, lakini hajawahi kutoka mtu kwenye kiti changu na kichwa kibovu. Banda lake na langu yanatazamana, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko yeye mwenyewe.

Mzee huyu ana ugonjwa mmoja: tarehe ishirini na nne mwezi wa kumi. Siku hiyo hashiki sindano. Ananunua kreti ya soda, anakaa juu ya turubai lililokunjwa, anatuhesabia. Siku hiyo mwaka arobaini na tano Umoja wa Mataifa ulianza rasmi. Siku hiyo mwaka sitini na nne Zambia ilipata uhuru. Siku hiyohiyo Olimpiki ilifungwa kule Tokyo, na wanariadha walioingia kama Rhodesia ya Kaskazini wakatoka kama Zambia. "Na siku hiyohiyo," anamalizia, "nikazaliwa mimi."

Mimi ndiye niliyemwambia hadithi yake imepoa, amuweke mama yake sokoni Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bendera inapanda huku uchungu unamshika. Akaipenda. Miaka sita akaisimulia hivyo mpaka akakaribia kuiamini.

Mwaka huu kitambulisho chake cha taifa kikakwama. Akaitwa ofisi ya uhamiaji kuhojiwa uraia wake, akanichukua niwe shahidi. Nikavaa koti.

"Akina Simbeye wako huku na wako ng'ambo," afande akasema. "Wewe wa wapi?"

"Isansa, afande. Mbozi."

"Ulizaliwa lini?"

Nikamkanyaga mguu. Wapi. Aliona amepata msikilizaji mpya, akashusha yote, mpaka Nakonde na bendera.

Afande akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo mama alijifungulia Zambia."

"Hapana, hicho kipande ni cha kunogesha tu."

"Nani alinogesha?"

Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.

"Na wewe nani?"

"Clever, afande. Kinyozi. Wa Saza, upande huu huu." Nina vyeti vyangu vyote, lakini yule mtu akikutazama unaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Akatoa siku mbili. Mzee alete ndugu na karatasi ya kuzaliwa, la sivyo faili linaandikwa si raia.

Siku mbili zile mzee hakushona kitu. Kila anayepita alimshuku amepeleka maneno ofisini. Nuria wa chapati akaulizwa mbona siku hizi anasalimia sana. Mimi nikaitwa pembeni.

"Clever, ile Nakonde uliitoa wapi? Nani alikutuma?"

"Mzee, nani anitume mimi? Mimi huwa natuma watu."

Hakucheka.

Dada yake, bibi Ruti, akaja kutoka Isansa na kadi ya ubatizo ndani ya nailoni. Afande akaigeuza kwenye mwanga, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa kabisa. Sadoki Simbeye, kuzaliwa Isansa, tarehe tatu Agosti, sitini na nne.

"Mchungaji alikosea," mzee akasema.

"Mdogo wangu, nilikubeba mimi," bibi Ruti akamjibu. "Mchungaji amekosea nini?"

Afande akaweka kadi na fomu pamoja. "Fomu uliyojaza inasema Oktoba. Ukibaki na Oktoba, kadi hii si yako, na mimi sikujui. Ukitaka kadi, chukua na tarehe yake. Chagua, mzee."

Alikaa muda wa kunyoa kichwa kizima na ndevu. Kofia aliizungusha mkononi. Nikaona kabisa anafikiria kubaki na Oktoba yake.

"Tatu Agosti," akasema, kama mtu anayekabidhi ng'ombe.

Afande akamtazama tena, akaitazama kadi tena, ndipo akagonga muhuri.

Nje, mzee akamgeukia dada yake. "Sasa ile siku ya Zambia nilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu. Mama alikuwa kwenye kahawa, wewe unalia tu."

"Hata redio hatukusikiliza?"

"Redio ya nani?"

Tukafika mabandani. Hapo akanishika koti. "Clever. Ukimwambia mtu, nakushona mdomo kwa uzi wa turubai."

Nikamwambia sawa. Tangu asubuhi ya leo nimenyoa vichwa kumi na kimoja, na vyote vinajua.