Penati ya Dakika ya Sitini

Ukitaka kumkasirisha Fundi Selestini, usihangaike kumtukana. Pita tu mbele ya baraza lake pale Mwanga sokoni, wakati ameinamia cherehani, umpigie kelele kwa Kiha umwambie, "Uache, wangu!" Atainua kichwa, akutazame, halafu akanyage pedali kwa hasira mpaka uzi ukatike. Wenzake wamemfanyia hivyo miaka kumi na sita na hawajachoka. Watu wale hawana haya hata kidogo!

Selestini si mtu wa makuu. Kwao ni Simbo, mtoto wa wakulima wa mihogo na michikichi. Akasoma, akaingia chuo cha ualimu, akamaliza, akasubiri ajira mwaka hadi mwaka mpaka mende wakala pembe za cheti. Mwisho akajifunza kushona. Sasa anashona sare za watoto ambao angewafundisha, na hilo amelimeza. Lisilomezeka ni jingine, tena ukilisema mbele za watu watakucheka: mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaumwa na penati.

Mwaka 2008 chuo chao kilicheza fainali ya vyuo na wageni kutoka Tabora, hapahapa mjini, na Selestini ndiye aliyekuwa golikipa. Ili wageni wasijue mipango, vijana wetu walikubaliana kuitana kwa Kiha kitupu dakika zote tisini. Walijiona wajanja kweli. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama Muha naye anaweza kwenda kusoma Tabora. Basi straika wa wageni alikuwa Muha, mtoto wa Kasulu! Dakika ya themanini na tisa, magoli yakiwa moja kwa moja, ikaja krosi laini ambayo hata bibi kizee angeidaka. Selestini akanyoosha mikono. Nyuma yake sauti ikamwambia kwa Kiha safi auache. Akajua ni beki wake, akauacha. Yule wa Kasulu akausukuma wavuni kwa goti, akakimbia huku anacheka.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mashabiki wa fainali ile walikubali zamani. Kila alasiri, kahawa ikishafika, wanakaa kwenye baraza la Selestini na kuicheza upya. Onesmo kinyozi anapenda goli la Thobias, lile la chuo chao. Anasimama kabisa, kitambaa cha kunyolea begani, anaonyesha jinsi Thobias alivyompiga tobo beki wa kwanza, akamhadaa wa pili, akaachia shuti la kushoto. Jeremia muuza mitumba yeye hataki goli, anataka ile kanzu ya Erasto, mpira ukapita juu ya kichwa cha mtu na mtu akabaki anautafuta miguuni. "Alizunguka kama kuku aliyepotelewa na vifaranga!" Wanacheka mpaka wanamwaga kahawa. Kisha wanashuka mpaka dakika ya sitini, na hapo Jeremia hupita haraka haraka: "Wageni wakapata penati, wakagonga mwamba, haya, mpira ukarudi kati..."

"Haukugonga mwamba hivi hivi," Selestini husema. "Niliugusa."

"Fundi, acha kamba."

Ndipo huinua mkono wa kulia na kuwaonyesha kidole cha kati, kilichopinda tangu siku ile, kinachomsumbua mpaka leo akitaka kutunga uzi. Kidole hicho ndicho kilichousukuma mpira ukaenda kugonga mwamba. Hao mashabiki siku ile walijazana upande wa pili wa uwanja, kwenye kivuli, vumbi lilikuwa jingi, wangeona nini? Aliyekuwa karibu ni mmoja tu, Wilfred, beki wa kushoto, ambaye sasa anaishi Mwamgongo na ni katekista. "Ipo siku Wilfred atakuja," Selestini huwaambia. "Yule hasemi uongo. Mtamsikia kwa masikio yenu."

Namba ya Wilfred alikuwa nayo. Angeweza kumpigia, akamuuliza peke yake, yakaisha. Hakutaka. Alitaka Wilfred aseme mbele ya baraza zima, watu wafunge midomo. Ewe Selestini, kilichokuponza ni hicho!

Alhamisi iliyopita Wilfred akafika kwa boti, mchana, na kitambaa cha suti mkononi. Binti yake anaolewa. Selestini alimwona tangu kwenye maduka ya vyombo, akaacha sketi katikati ya mshono, akamkimbilia. Wakakumbatiana. Akampima mabega, akampima kiuno, akarudia kupima mara tatu.

"Umenenepa, katekista," Selestini akasema.

"Sadaka za dagaa hizo," Wilfred akajibu, wakacheka.

Kahawa ikaja. Onesmo akaja, Jeremia akaja, na wengine wanne watano waliosikia habari. Wakaanza kama kawaida: tobo la Thobias, kanzu ya Erasto. Wilfred alifurahi mno, akawaongezea vitu wasivyovijua, kwamba Thobias alicheza na kiatu cha kuazima, namba kubwa, ndani amejaza karatasi. Onesmo akashika kichwa. "Na kiatu cha kuazima! Mungu wangu, Thobias!" Walipofika dakika ya sitini, Selestini alisimama.

"Jeremia, leo usiruke hapo. Wilfred, waambie. Penati ile nani aliiokoa?"

Wilfred akaweka kikombe chini, akamtazama Selestini kwa mapenzi kabisa, kama anavyomtazama mtu anayempeleka ubatizo.

"Mpira uligonga mwamba, ndugu yangu."

"Baada ya kidole changu."

"Hapana. Nilikuwa pale. Nilisikia milio miwili. Kwanza mpira, ukagonga ukatoka. Halafu wewe, ulikuwa bado hewani, ukajigonga. Kidole kilivunjikia kwenye mwamba. Mimi ndiye niliyekufunga kwa soksi yangu, umesahau?"

Soksi Selestini hakuwa ameisahau. Ilikuwa ya bluu. Aliutafuta ule mguso kwenye ncha ya kidole, ule aliolala nao na kuamka nao miaka kumi na sita, ngozi ya mpira, joto lake. Haukuwepo. Palikuwa na mwamba tu.

Alisubiri wamcheke. Jamani, angefurahi wangemcheka! Jeremia, mwenye mdomo mchafu kuliko soko zima, akainamia kikombe chake. Onesmo akakunja kitambaa, akakikunjua. Hapo Selestini akajua kwamba hata utani hawatamfanyia tena.

"Lakini uliruka vizuri," Wilfred akasema taratibu. "Hilo naapa."

Wakati huohuo akatokea Scola, mke wa Selestini, na sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa ajili ya mgeni. Scola hakuwahi kuuona mchezo ule. Alihadithiwa na Selestini siku za uchumba, akiwa ameshikilia kidole hicho hicho, na aliamini tangu siku ile. Wakija watu nyumbani kumtania mumewe, yeye huwajibu kwa ukali kuliko mwenyewe.

"Shikamoo, katekista. Afadhali umekuja. Umewaambia?"

Wilfred akafungua mdomo. Selestini akamuwahi.

"Amesema niliruka vizuri."

Scola akaweka sahani, akashika kiuno, akawageukia wale wanaume mmoja mmoja. Uso wake ulikuwa unang'aa, hajawa mzuri namna ile tangu harusi yao.

"Mmesikia sasa? Miaka yote hii mnamdhalilisha mume wangu! Mmesikia au hamjasikia?"

Selestini akakaa kwenye cherehani, akaanza kutunga uzi. Ukakataa. Akaulamba, akajaribu tena.

"Tumesikia, shemeji," akasema Jeremia, bila kuinua macho.

Wilfred, asiyesema uongo, aliomba maji ya kunawa.