Mkono Uliotoka Ndani ya Shuka

Dada yangu ni muuguzi, na wodini kwao wanamwita Karani. Hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Hampi mtu dawa mpaka amuulize jina, hata kama asubuhi ileile walikuwa wakitaniana. Watu wazima huudhika. Mzee mmoja alimjibu, "Kwani jana nilikuwa nani, binti yangu?" Mimi pia nilimcheka, tena mezani, mbele ya shemeji. Yeye husema kuuliza si ujinga, kisha anaendelea kula.

Mama alipolazwa wodini humo kwa kizunguzungu, alipewa kitanda cha katikati. Jirani yake wa dirishani, bibi mmoja mwenye kisukari, akalalamika kuwa upepo unamuumiza mbavu. Mama yetu ni mtu wa watu, hawezi kumwona mwenzake anataabika akanyamaza. Wakabadilishana vitanda bila kumwambia mtu. Kadi zao za majina zikabaki zinaning'inia palepale.

Mimi nilikuwa naingia na chupa ya chai, ya kumfungulia mama akishapimwa. Dada ndiyo kwanza alikuwa ameanza zamu. Nilimwona ameinama kwenye kitanda cha dirishani, sindano ya kushusha sukari mkononi. Aliyelala pale alikuwa amejifunika gubigubi kukwepa jua.

"Bibi, jina lako nani?"

Mkono ukatoka ndani ya shuka, ukajinyoosha, tayari kuchomwa.

"Nitajie jina kwanza, bibi yangu."

Shuka likatikisika kwa kicheko. Dada akalifunua.

Alikuwa mama. Mama yetu mzazi, asiye na kisukari, ambaye tangu jana hajatia kitu kinywani kwa ajili ya kipimo. Dawa ile ingeweza kumuua.

Dada alitaka kuirudisha sindano kwenye sinia, akakosa, ikaanguka sakafuni. Basi mimi ndiye niliyefoka.

"Mama! Unatoa mkono tu? Hujaandikiwa sindano yoyote wewe! Mbona hukuuliza?"

Mama alitutazama mmoja mmoja, kicheko hakijamwisha usoni, akishangaa tumepatwa na nini.

"Si nimesikia sauti ya mwanangu?" alisema. "Sindano aliyoishika mwanangu, niiulize ya nini?"